Kwa Baba, Aliyevaa Saa Iliyoandikwa China

Baba,

Meza yako ya kuuzia saa pale Laini Saba sasa inauza chaja za simu. Aliyeichukua ni mama mmoja mpole, sina ugomvi naye, ila nikipita pale natazama upande wa pili. Mwanao Ochieng ameacha kunisalimia. Mama anakula kidogo, anaongea kidogo. Hizo ndizo habari tangu tukuzike, na hakuna nzuri hata moja.

Nataka kukueleza siku zile ulipopotea, maana hakuna mwingine atakayenisikiliza bila kununa.

Ulitoka asubuhi kuja kwangu Kawangware, hukufika. Simu yako ikawa imezimwa. Nikaja nyumbani Sarang'ombe kukaa na Mama, naye Ochieng akazunguka vituo vya polisi, mwisho akaenda mochari. Mhudumu akamuuliza langoni, mzee wenu alivaa nini? Mwanao akajibu kwa maringo yako yale yale: saa ya Japan, orijino. Mhudumu akaingia, akarudi. Akasema yuko mzee aliyegongwa na gari, hana kitambulisho wala simu, lakini saa yake imeandikwa China mgongoni.

Ochieng hakuingia kuangalia. Kwa hilo simlaumu. Ukipewa sababu ya kugeuka pale mlangoni, nani asingegeuka? Alifika nyumbani akipiga kelele: "Mathe, si yeye! Huyo ako na saa ya China. Buda hawezi vaa China hata umlipe!"

Mama alicheka, Baba. Alicheka na kulia pamoja, akamshukuru Mungu kwa Kijaluo, akawasha stovu akisema utarudi na njaa. Akakatakata sukuma huku akikutukana kwa kumtia wasiwasi.

Mimi nilikaa kwenye kiti chako nikiufikiria mgongo wa saa yako.

Ni wewe uliyenifundisha. Nikiwa likizo ya shule ulinigeuzia saa moja baada ya nyingine pale mezani, ukaniambia uso na mgongo si lazima vikubaliane. Maandishi madogo chini ya namba sita, Japan Movt, yanataja mashine iliyo ndani. Mgongoni panatajwa kesi, yaani ganda la saa, ilikotengenezwa, na inaweza kuwa China, inaweza kuwa Hong Kong. Wateja wakikuchokoza kwamba unavaa feki uliwajibu, "Injini ya Japan, bodi ya China. Kwani wewe huendesha bodi?" Kisha ukacheka peke yako. Saa yako nimeisugua mgongo kwa mswaki mara nyingi, nilijua umeandikwa nini. Ochieng hakuwahi kukaa pale, yeye alikuwa na mpira wake.

Nilitamani kunyamaza. Nilitamani sana, Baba. Lakini mwili usio na mwenyewe huishia kuzikwa na wengine shimo moja, bila jina, na wewe ulitaka kulala kwenu karibu na ziwa. Nikamwambia Mama azime stovu.

Nilipomaliza kueleza, aliniangalia kama nimemtukana. Ochieng ndiye aliyesema: "Kwani wewe ulitaka akuwe yeye?" Mpaka leo hajalifuta neno hilo.

Kesho yake niliingia mwenyewe. Ulikuwa wewe. Niliijua miguu yako kabla hawajafunua zaidi. Hapo siandiki tena.

Kwa vile gari lilivyokuharibu, jeneza tulilipeleka nyumbani likiwa limefungwa, na Mama hakukuona. Sasa kila Jumapili tukitoka kanisani ananiuliza, kwa sauti ndogo ili Ochieng asisikie, kama hakuna wazee wengine Nairobi wenye saa kama ile. Namjibu wapo wengi, tena wengine uliwauzia wewe mwenyewe. Nikisema hivyo naona matumaini yakimrudia usoni, na inabidi niyaue tena. Nimechoka, Baba. Nakukasirikia hata kwa kunifundisha.

Lala sasa. Nakuahidi moja tu. Kila Mama atakaponiuliza, nitamwambia ulikuwa wewe. Ochieng hawezi, hakuingia. Aliyekuona ni mimi, kwa hivyo atakayesema ni mimi, hata Mama akinichukia.

Binti yako,
Akinyi