Bamba Lililokunywa

Jumatatu, 3 Machi
Tangu asubuhi nachonga shafti za injini za mitumbwi. Mchana kaja mhandisi Koku, binti wa Bukoba, na bamba la alumini ya povu. Lina vitundu kama mkate. Nililinyanyua kwa nguvu ya kunyanyua chuma, kumbe jepesi, nikajipiga nalo kidevuni. Kulwa, mwenzangu wa karakana, kacheka mpaka kakaa chini. Koku anataka uso wa bamba unyooke kama kioo. Juu yake atagandisha kwa gundi kifaa cha kupimia maji ya ziwa. Bamba ni hilo hilo moja. Jumamosi wenzake wanavuka ziwa kwenda Kamanga kupima. Asipokuwa na kifaa, nafasi yake anapewa mwingine.

Jumanne, 4 Machi
Sharti lake moja: nichonge kavu. Yale maji meupe ya kupoza kisu cha mashine yasiliguse kabisa. Yana mafuta, vitundu vitayanywa, gundi haitashika. Nimeitikia kama mwanafunzi. Nimefunga koki ya maji hayo. Kwenye meno ya jiriwa lingebanwa likapondeka, kwa hiyo nimelishikiza mezani pa mashine kwa nta. Naogopa. Umri huu, naogopa mkate.

Alhamisi, 6 Machi
Kisu kipya. Kinakula bamba kidogo kidogo. Uso ukaanza kutoka safi, nikajiona bwana mkubwa. Kulwa akapita: "Baba Neema, leo unachonga povu au unamwaga povu?" Nikacheka. Kisu kikalia. Mkono ukaenda kwenye koki wenyewe, kama unavyokwenda siku zote kisu kikilia. Ukafungua.
Bamba limekunywa yote. Halikudondosha hata tone.
Mpumbavu mimi.

Ijumaa, 7 Machi
Nimemwambia Koku kabla hajauliza. Tumelichemsha. Tumelipuliza kwa kompresa. Tumelianika. Kajaribu gundi pembeni, imebanduka kwa ukucha. Hakunifokea. Afadhali angefoka. "Nitawaambia wavuke," akasema, akatoka nje na simu yake. Kulwa leo hana utani. Nimemchukia kwa hilo pia.

Jumapili, 9 Machi
Baada ya kanisa Koku kaja nyumbani. Shikamoo yake ile ile. Mke wangu kampa ugali na sato. Kala vizuri kuliko mimi. Nafasi kapewa mwenzake. Kasema mara moja tu, kisha kaomba pilipili.
Bamba nimelileta nyumbani, liko juani, juu ya banda la kuku. Wakati wa kuondoka alilishusha, akalinusa kama mafuta yametoka, akaligeuza upande wa pili, akalirudisha juani.
"Bado, baba."