Furu Uwanjani Sengerema

Jumatatu, 4 Agosti
Mazoezi tena kwenye stoo ya shangazi, Nyamagana. Joto. Masanja anapiga dramu kama vile zimemtukana. Bendi yetu, Furu, ina miaka mingi sasa, na bado watu wa Mwanza wakisikia magitaa yananguruma wanauliza muziki utaanza saa ngapi. Leo Koku, mwimbaji wetu, kasema wazi: watu wakitukimbia Jumamosi tukipiga Sengerema, anaacha bendi. Nina hasira kwa sababu ninaogopa. Bila Koku hakuna Furu.

Alhamisi, 7 Agosti
Kumbe Sengerema si tamasha! Ni mashindano ya ngoma ya baada ya mavuno. Makundi mawili, uwanja mmoja, mnapiga kwa wakati mmoja. Watu wakihamia kwako, umeshinda. Kundi moja limesafiri, ndiyo maana tumeitwa. Masanja, Msukuma wa kuzaliwa, alijua akanyamaza. Bibi yake katuuliza dawa ya kuvuta watu tumechukua kwa nani.

"Tuna spika, bibi," nikamjibu.

Kacheka mpaka kashika ukuta.

Jumamosi, 9 Agosti
Tumejitakia. Tumezoea kumaliza wimbo, kukaza nyuzi, kushukuru. Kila tuliponyamaza, wenzetu hawakunyamaza. Umati ukahama wote. Tukabaki na mama muuza karanga. Koku akaanza kuchomoa waya. Nikapandwa na hasira, nikamwambia Masanja, "Usisimame mpaka nife!" Tukaunganisha nyimbo zote. Gitaa langu la besi likazunguka palepale, palepale. Yule mama akatua beseni. Akacheza! Wakaja vijana, wakaja wazee. Koku akatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia.

Hatukushinda. Wengi walibaki kule. Lakini waliokuja kwetu hawakuondoka. Nina furaha ya kijinga.

Jumatano, 13 Agosti
Masanja katumiwa video kutoka Sengerema. Wale waliotushinda wako mazoezini, wanapiga mdundo wangu wa besi kwa ngoma zao, wanaimba Kisukuma juu yake. Ruhusa hawakuomba. Nimeirudia mpaka simu ikazima chaji. Nimelia, shangazi alipoingia nikasingizia vitunguu. Nimemtumia Koku.

Alhamisi, 14 Agosti
Upepo wa ziwani tangu asubuhi. Nimechelewa mazoezi. Nimemkuta Koku keshafika, yuko peke yake, anaimba wimbo nisioujua. Akasema anautunga, haujaisha, unamkwamia katikati. Nimechomeka besi, nikaanza kumfuata.