Vazi la Malaika Limenikaa Mimi

Mpendwa Tantine Kahambu,

Naomba msaada wako, wewe shangazi wa wasomaji wote, na naomba unisome mpaka mwisho kabla hujanikaripia, maana jambo hili nimeligeuzageuza kichwani hata chakula hakina ladha tena. Kwenye parokia yetu hapa Ruashi sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli huanza kwa maandamano, na mbele ya wote hutembea malaika aliyevaa mavazi ya vita ya shaba, kifua, mabega, mapaja na kofia, kazi ya fundi Anselme anayeigonga shaba mpaka inang'aa kama kioo, na wewe unajua Septemba ya Lubumbashi ilivyo, jua kali na mvua bado, kwa hiyo ikifika saa sita shaba ile inachoma kama sufuria jikoni, na mwaka jana malaika wetu alianguka kabla ya kufika uwanja wa misa, akabebwa pamoja na mabawa yake.

Mimi nimesoma ufundi wa umeme na mitambo, na nilipoona vile nikasema nitashona vazi la ndani la kumpoza mtu, na kamati ya sikukuu ikakubali, malaika wa mwaka huu akiwa Lévi, kijana wa kwaya. Vazi lina tabaka tatu. Ya kwanza ni pamba nyepesi inayogusa ngozi na kunywa jasho. Juu yake kuna kitambaa nilichokishonea mipira myembamba, ile ya dripu, inayozunguka kifua na mgongo kama mto wenye kona nyingi. Ya nje ni sponji na ile karatasi ya kung'aa ambayo watu wanafunika nayo kioo cha gari, ili joto la shaba lirudi lilikotoka. Mfuko wenye maji na sashe za barafu, vile vifuko vya nailoni vilivyogandishwa, umejificha chini ya mabawa, pampu ndogo ya betri iliyotoka kwenye gari bovu inayasukuma maji, na kidhibiti kidogo kinaiwasha mwili ukipata joto na kuizima ukipoa, kwa sababu mwanzoni niliacha maji ya barafu yapite tu, nikatetemeka mpaka meno yakagongana.

Umeona, Tantine, nimeandika nikatetemeka. Hapo ndipo shida yangu ilipo. Niliona haya kumwambia Lévi asimame nimzungushie utepe kifuani na mapajani, nikajiambia tunalingana urefu, nikajipima mwenyewe, nikalijaribu mwenyewe chumbani, nikarekebisha kila mshono juu ya mwili wangu, na sikumwambia mtu.

Jumamosi iliyopita tukamvika Lévi uani mwa parokia. Hakufika mbali. Mabega yake mapana yalikunja mipira, maji yakasimama, na tabaka zangu zote zikageuka blanketi, akapiga kelele tumtoe.

"Munitoshe humu! Munitoshe, ninaiva!"

Tukamvua haraka, tukammwagia maji, akakaa kivulini anahema, kisha akanitazama akacheka, akiniita dada mkubwa kama kawaida yake: "Yaya, weye ulitaka kunipika ao kunikausha?" Ndipo nami nikapumua kwa shukrani.

Fundi Anselme akaligeuza vazi huku na huku. "Hii nguo balipimia nani?"

"Miye."

"Basi vaa, tuone kama maji inatembea."

Nikavaa, wakanifungia shaba yote, nikatembea. Tantine, niliuzunguka ua ule juani mpaka waliokaa kivulini wakachoka kunitazama, na ndani nilikuwa kama mtu aliyeketi kando ya kijito, wala sikumbuki mara ya mwisho nilipotulia vile mbele ya watu.

Mama Léonie, mkuu wa kamati ya sikukuu, akasema, "Malaika mwanamuke? Tuliisha kuona wapi?" Lévi akamjibu, "Mama, malaika haina bwana, haina bibi. Uliisha kumuona anabeba mutoto?" Watu wakacheka. Mama Léonie hakucheka. Akaniagiza nilipanue vazi limtoshe Lévi, la sivyo kijana ataingia kwenye shaba hivyo hivyo kama yule wa mwaka jana. Nami, nikijua kwamba kulipanua ni kukata mipira yote na kuanza upya, na muda hautoshi, nikasema, "Ndiyo, Mama."

Lakini ninachoogopa zaidi ni moyo wangu. Lévi ni mzima na namshukuru Mungu kila ninapomwona, ila siku ile aliposema harudi tena mle ndani na nafasi anaiacha, nilifurahi. Je, mikono yangu ilijua kabla yangu? Nilijipima kwa haya tu, ama nilikuwa namwibia nafasi yake polepole? Na nikienda kusema vazi linanikaa mimi peke yangu, si nitakuwa nimekiri?

Mwenye Vazi, Ruashi

*

Mwenye Vazi,

Pole, halafu aibu juu yako. Kupima mwili mmoja na kuvika mwingine, tena juani, mtu aliyesoma! Kama uliona haya kumshika mwanaume kifuani, fundi Anselme hakuwa na mikono? Haya yako imekaribia kumwangusha mtoto wa watu. Nenda kamwombe Lévi msamaha, kwa maneno machache, bila mahubiri. Inaonekana alikusamehe kabla hajamaliza kuhema.

Kuhusu mikono yako kujua kabla yako: mimi sijui, na wewe hutajua. Ulishona ili mtu asianguke. Kama chini ya hamu hiyo kulikuwa na hamu nyingine ya kutembea mbele, huo si wizi, maana mwenye nafasi mwenyewe ameshasema haitaki. Pumua, mwanangu. Kosa lako kubwa ni ile "Ndiyo, Mama". Unajua vazi halipanuki, unajua shaba inaangusha, na ukaitikia! Wewe unajipekua moyo, na jua linamngoja Lévi.

Kesho nenda kwa Mama Léonie pamoja na Lévi na fundi. Msalimie vizuri, kaa, kisha sema: "Mama, nilikuitikia vibaya. Vazi halipanuki. Linanikaa mimi." Halafu nyamaza. Usijieleze. Lévi aseme kwa kinywa chake kwamba nafasi ameiacha. Mama akikataa malaika mwanamke, kamati ni yake. Basi malaika avae kanzu nyeupe na shaba ibebwe mikononi. Lakini shaba bila vazi la baridi asiivae mtu yeyote, na hapo usirudi nyuma hata akikukazia macho.

Akikubali, na nadhani atakubali kwa kuwa naye aliona mtu akibebwa pamoja na mabawa yake, Lévi atembee ubavuni mwako na sashe nyingine za barafu. Fundi aweke mikanda inayofunguka kwa kuvutwa mara moja. Mpatane alama: ukigonga kifua, unavuliwa palepale, hata kama kwaya iko katikati ya wimbo. Kula asubuhi, kunywa maji kabla ya kiu, na usijifanye shujaa. Betri haijui kwamba ni sikukuu.

Najua watu wa aina yako. Ndani ya shaba utakuwa na amani kwa sababu hakuna atakayeuona uso wako. Mkifika uwanja wa misa, vua kofia kwa mkono wako, mbele ya wote. Na mwakani, yeyote atakayechaguliwa, mpime yeye.

Tantine Kahambu