Mradi Namba Kumi na Nne

Jumatatu, 2 Juni

Nimepewa tena! Mratibu wa tathmini, mwaka wa tatu mfululizo, kana kwamba wenzangu wote wamekatika mikono. Mkuu wa idara ndiye aliyeniletea mzigo. Tunamwita Asilimia, kwa sababu mtu huyu hawezi hata kuomba chumvi bila kutaja asilimia. Miradi ishirini ya mwaka wa mwisho, Masomo ya Miji. Majina yamezibwa kwa karatasi ya gundi, juu yake namba. Nitasahihisha mimi, atasahihisha na Jirani, kila mtu kivyake, bila kuchungulia. Jirani ni huyu ninayechangia naye ofisi, anayetafuna karanga na kuacha maganda kwenye droo YANGU.

Tunapima Tokeo la Ujifunzaji Namba Nne: mhitimu ataweza kuusoma mtaa kwa macho yake mwenyewe. Sentensi hiyo niliitunga mimi, zamani, nilipokuwa bado napenda kazi hii. Alama ni moja hadi nne. Wanafunzi themanini kwa mia wakipata tatu au zaidi, tumepona. Wasipopata, programu inamezwa na kitivo cha uhandisi. "Tutafundishwa kukoroga zege," kasema Asilimia. Kacheka peke yake.

Jumanne, 3 Juni

Nimesahihisha kumi na moja. Macho yanawaka. Wote wameandika kuhusu soko la nyuma ya reli – ndio utaratibu wetu, eneo moja kila mwaka, ili kazi zilinganishwe. Uandishi wao ni wa kutia kichefuchefu. "Mtafiti alishuhudia." "Mtafiti alibaini." Mtoto wa miaka ishirini na mbili anajiita mtafiti!

Lakini ushahidi upo, siwezi kukataa. Fundi viatu wa pembeni ya lango kuu nimekutana naye mara tisa, na kila mara anasema lile lile: barabara ikipanuliwa, mteja hupita mbio. Kwenye jedwali la vigezo kuna safu inaitwa "ushahidi unalingana". Nne, nne, tatu, nne. Haya, songa.

Jumatano, 4 Juni

Nimemaliza. Kumi na tisa wamefaulu. Mmoja, namba kumi na nne, ni kichekesho. Kurasa kumi na moja wakati wenzake wana arobaini. Nimefungua sehemu ya mahojiano na wachuuzi, nikakuta mistari miwili: "Sikupata wachuuzi. Kuna uzio." Basi! Nikapitia kurasa zilizobaki kwa haraka, vimichoro vya kalamu ya risasi, sijui vishimo, sijui vinjia. Mvivu na mjuaji kwa pamoja, mchanganyiko ninaouchukia kuliko wote. Moja. Pembeni nimeandika kwa wino mwekundu: Hukufika uwandani.

Mchana tukafungua alama mbele ya Asilimia. Mimi na Jirani tumelingana kwa karatasi zote ishirini. Zote! Asilimia karibu anibusu. Anasema hajawahi kuona wasahihishaji wanaokubaliana asilimia mia. Waliofaulu ni tisini na tano kwa mia. Kumi na Nne atarudia mwaka. Vizuri.

Alhamisi, 5 Juni

Kaja. Binti mwembamba, raba zimejaa vumbi. Shikamoo yake kavu kama biskuti ya juzi. Kaweka mradi mezani, kidole juu ya wino wangu.

Akasema hapa nimeandika hakufika uwandani, na yeye alikaa pale siku nne. Nikamwuliza kama alikaa, mahojiano yako wapi? "Na nani, mwalimu? Na mabati?"

Damu ikanipanda. Nikamwambia asinifanyie dhihaka, wenzake kumi na tisa waliwapata wachuuzi, wamempata na fundi viatu, yeye peke yake ndiye kipofu? Akaniangalia hivi, bila kupepesa. Akasema mama yake ameuza cherehani ili amalize mwaka huu, na mwaka mwingine hakuna cha kuuza. Sikuuliza habari za mama yake! Nikampa fomu ya rufaa na kumwonyesha mlango. Jirani alikuwa kainamia karanga zake, anazimenya bila kula. Si kawaida yake.

Jioni nimemhadithia dada, naye anatia uzi kwenye sindano. Nilitegemea aniunge mkono. Yeye ni mshonaji, na kama mimi, hawapendi wajuaji. Akaacha uzi.

"Soko lipi?"

La nyuma ya reli, nikasema.

"We! Si lilivunjwa mwaka jana? Vifungo sasa nafuata mpaka stendi mpya, kila wiki nalalamika hapa hapa mezani. Mdogo wangu, unafundisha mji upi wewe?"

Nikamwambia anachanganya masoko. Akasema sawa, mwalimu. Ile "sawa" yake.

Jumamosi, 7 Juni

Nimekwenda. Dakika ishirini kwa mguu kutoka geti la nyuma la chuo. Pua na mdomo! Na mimi huingia kwa geti la mbele, kwa gari, miaka mitatu sasa.

Mabati ya bluu. Uwanja mzima, kutoka relini hadi barabarani. Ndani nyasi zimefika kiunoni. Lango kuu hakuna. Fundi viatu hakuna. Mlinzi kaniuliza na mimi natafuta nini, nikasema natoka chuoni. "Basi wewe wa pili. Kuna binti alikaa hapa siku nne anahesabu watu. Nikamwambia hapa hakuna watu, akasema wapo, mzee, angalia."

Nimesimama na mradi wake mkononi. Nimeusoma wote, mara hii neno kwa neno, nimeegemea nguzo. Kuna kona bati limekunjwa, watu wanakatisha hapo kwenda zahanati. Kaichora. Kaandika kwamba kina mama wanatua mzigo, wanaupitisha kwanza, ndipo wanapita wenyewe. Nikaangalia. Mama mmoja akafika, akatua ndoo, akaipitisha, akapita. Kaandika kwamba wazee hawapiti hapo, wanazunguka, dakika kumi na nne zaidi, na kwamba kila mzee hupumzika kwenye jiwe lile lile. Jiwe lipo. Mzee yupo juu yake, ananitazama.

Hiki ndicho nilichotaka kufundisha. Mtaa mzima kausoma kwenye tundu la uzio. Na nimempa moja!

Namchukia. Nasema kweli hapa kwa kuwa hakuna anayesoma. Sikuona aibu kwanza – niliona chuki, kwa katoto haka kaliko sahihi. Aibu ilikuja nikiwa njiani. Wale kumi na tisa wamenakili madaftari ya waliowatangulia, nao walinakili ya waliowatangulia. Huyo fundi viatu anahojiwa tangu sijui lini, pengine keshakufa. Na mimi nikawapa nne kwa sababu uongo wao umelingana. Nyani haoni kundule.

Jumatatu, 9 Juni

Nimemvamia Jirani kabla hajakaa. Ulijua? Alijua! Kila mtu anajua, kasema, faili la soko linarithishwa kila mwaka, mpaka mama wa mgahawani analijua. "Ulidhani wanakwenda wapi, dada yangu? Juani?"

Na kumi na nne, kwa nini ukampa moja? Akakwangua ganda la karanga kwenye jino. Kumbe hakumpa. Hakumpa mtu yeyote chochote! Jumatano nilipotoka kwenda chooni alifungua droo yangu, akanakili alama zangu zote ishirini kwa dakika tano. Ndio asilimia mia ile. "We una jicho zuri," kaniambia. Ningekuwa na kitu kizito mkononi leo ningelala rumande.

Nikaenda kwa Asilimia. Nikamweleza yote, nimesimama. Hakushtuka, ndicho kilichoniumiza. Akachukua kikokotoo. Kumi na tisa wakishuka hadi moja, na huyu mmoja akipanda, tunabaki na asilimia tano. Akanigeuzia kioo nione hiyo tano. Akasema anajua mahali pa kuwaweka watu wenye asilimia tano, na kwamba mratibu wa tathmini ni mimi, saini zote ni zangu, miaka mitatu. Rufaa ni kesho. Nitaulizwa swali moja: unathibitisha alama? Nitasema ndiyo. Binti atarudia mwaka, mwakani tutabadilisha eneo, kila kitu kitakuwa shwari.

Nikamwambia mama yake hana tena cha kuuza. "Hilo si tokeo tunalopima," kasema. Mshenzi. Na nikatoka bila kumwita mshenzi.

Jumanne, 10 Juni

Tuko mapumziko. Dakika kumi. Naandika chooni, mlango nimeukomea, daftari juu ya goti.

Tulikaa watatu: Asilimia, mtathmini wa nje – mama mwenye miwani miwili, mmoja usoni mmoja kichwani – na mimi. Binti mwisho wa meza. Alieleza vizuri mno. Hakunitukana, ningependa angenitukana. Mtathmini akamwuliza kama ana swali kwa msahihishaji. Akanigeukia. "Mwalimu, mara ya mwisho kufika pale ilikuwa lini?"

Asilimia akanijibia. Eti mwalimu hutembelea uwanda kila muhula. Mtathmini akaandika. Binti akaendelea kunitazama mimi, si yeye. Nikafungua mdomo – nikaomba mapumziko.

Fomu ninayo hapa. Visanduku viwili, nathibitisha na nabadilisha. Nimechukua kalamu ya nani sijui.

Mlango wa nje umelia. Raba zile, naziona chini ya mlango wangu. Amefungua bomba. Anaongea na simu, sauti chini. Hapana mama. Hapana, usije. Mwalimu bado hajasema kitu. Kisha: hapana mama, hata yeye amefika pale, mlinzi kaniambia. Jumamosi.

Anajua.

Amefunga bomba. Asilimia anagonga mlango wa nje, anaita mratibu, mratibu, dakika zimekwisha. Sijaitika. Raba hazisogei. Zimeelekea huku kwangu.