Laini ya Saba

Jumapili, 24 Agosti 1997
Kanisa, chai, halafu chuoni. Kama kila Jumapili. Wanafunzi wako likizo, mkuu wa chuo ameniachia funguo za chumba cha kompyuta: mashine tatu na ukungu wote wa Kericho dirishani. Leo nimemwonyesha Mama mchezo ninaoutengeneza. Kilima cha chai, laini kumi na mbili za michai, mtu mmoja na kikapu. Alitazama, mikono mapajani. Miaka ishirini alichuma kwenye shamba la kampuni, mitatu hii amefagia hapa chuoni. Mwishowe akasema, "Kwani huyu anachuma peke yake? Hakuna mtu huchuma chai peke yake."
Iliniuma. Halafu nikaona anasema kweli.
Jumamosi anarudi Nyamira, kuishi huko moja kwa moja. Nimemwahidi kwamba kabla hajaenda tutachuma wawili, yeye mashine yake, mimi yangu.

Jumatatu, 25 Agosti
Nimeunganisha mashine zote kwa waya. Kilima chote kimo katika faili moja la data, kwenye mashine ya tatu, ile ya dirishani. Mama ameifunika kitambaa alichofuma, kama televisheni ya sebuleni. Siifunui, sina haja. Nimepanga mchezo uanze wenyewe mashine ikiwaka, Mama asihangaike. Mchumaji akiingia laini, inafungwa kwa ajili yake mpaka amwage kikapu. Shambani ni hivyo hivyo, laini ya mtu haiingiliwi.
Jioni mashine ya kwanza na ya pili zimechuma pamoja. Nimerudi nyumbani kama sikanyagi chini.

Jumanne, 26 Agosti
Saa tatu asubuhi. Faili limefungwa na mtumiaji mwingine, kioo cha kompyuta kinaniambia. Mtumiaji gani? Niko peke yangu. Nimesoma programu yangu yote, mstari kwa mstari, hadi alasiri. Sijaona kitu. Mvua ya mawe, umeme ukapotea. Uliporudi, kosa halipo.
Sijafurahi. Kosa lililoondoka bila kufukuzwa linajua njia ya kurudi.

Jumatano, 27 Agosti
Limerudi. Nimezima zote tatu, nikaziwasha, likaondoka.
Ila kuna jambo jingine. Laini ya saba imechumwa nusu. Sijaigusa mimi. Majani mawili na chipukizi, shina baada ya shina, hakuna hata moja lililorukwa. Mimi huruka mengi. Nimeketi muda mrefu, ukungu wa mchezo kwenye kioo, ukungu dirishani. Nilikuwa kama mtu aliyelala macho wazi.

Alhamisi, 28 Agosti
Limefungwa tena. Laini ya saba imesogea tena. Nimewaza mizimu, nikajicheka, sikucheka sana.
Nyumbani nimemfokea Mama kwa sababu ya chumvi kwenye mboga. Blanketi zake ameshazikunja. Imebaki siku moja na mimi ni mtu bure kabisa.

Ijumaa, 29 Agosti
Nimefunua mashine ya tatu nikague waya. Chini ya kitambaa, juu ya vibonye, kijiti cha fagio. Kimelazwa kukingama.
Nakijua kile kijiti. Saa ya chakula mchumaji hulaza fimbo juu ya chai pale alipofikia, akaenda zake. Akirudi, laini bado ni yake. Nimekua nikizizunguka fimbo hizo.
Kioo tu kilikuwa kimezimwa. Nimekiwasha. Kikapu kiko laini ya saba, kinangoja.
Ni Mama. Funguo za kufagilia anazo. Kila asubuhi, akimaliza kufagia, kabla sijafika. Hakumwaga kikapu kwa kuwa hakuwa amemaliza laini. Na kosa ni langu. Nilitaka kufunga laini moja, nikafunga shamba zima.
Kufikia saa saba nimeshalirekebisha. Sasa jina la mchumaji linaandikwa kwenye laini yake tu, na zingine ziko wazi. Nikamwita. Aliona kitambaa kimefunuliwa, akaona aibu kama msichana.
"Nilikuwa najifunza kwanza," akasema. "Sikutaka unichekelee, baba."
Nikamwomba radhi kwa ile chumvi.
Tukachuma hadi saa kumi na moja, yeye ya saba, mimi ya nane. Aliniacha nyuma mbali. Karibu na mwisho akasimama, akalaza kijiti chake, akasema amechoka. Hajawahi kuchoka huyu.

Jumamosi, 30 Agosti
Mama ameondoka asubuhi. Nimembebea mzigo hadi stendi.
Chuoni kimya. Nimezima mashine zote tatu, nikaziwasha upya. Laini ya saba imefungwa, jina lake liko pale. Yamebaki mashina manne.
Nimerudisha kitambaa, kijiti chake kikiwa chini. Nimeendelea na ya nane.