Mkono wa Mama na Sindano ya Ng'ombe

Soweto, Mbeya

Mdogo wangu Yustino,

Kamwene. Natumaini wewe, mkeo na watoto mko salama hapo Igowole. Mimi ni mzima wa mwili. Mama yuko hai, na hilo ndilo jema pekee nililo nalo la kukuandikia.

Jana wamemkata vidole vitatu vya mkono wa kulia. Simu zako sikuzipokea kwa sababu ningekutukana mbele ya wagonjwa.

Alipofika hapa hospitali mkono ulikuwa umevimba hadi kwenye kiwiko. Wakabadilisha dawa, wakabadilisha tena, usaha hauishi. Majibu ya maabara yalipotoka, daktari akaniita pembeni.

"Bakteria hawa wamezoea dawa zetu karibu zote. Nyumbani mnafuga?"

Mama mwenyewe ndiye aliyeeleza. Alijikata na mundu wa majani, akaendelea kumkamua yule ng'ombe mwenye kiwele kilichovimba. Wewe ulikuwa unamchoma ng'ombe sindano, maziwa yakitakata unaacha dawa ili uyauze, kiwele kikivimba unaanza upya. Mkono ulipomuuma, ukamchoma mama dawa iliyobaki kwenye chupa ileile. Mama yetu, Yustino. Ukamchoma kama ndama.

Daktari hawezi kuapa kama bakteria walitoka kwenye kiwele au walimkuta humu wodini. Humu nako bomba la kunawia halitoi maji, na manesi wanatoka kidonda hiki kwenda kile. Binti wa kitanda cha pili alijifungua kwa upasuaji; sasa mshono wake umeoza kama mkono wa mama. Niliwasema, wakanitoa nje. Nitawasema tena.

Wewe usiuze tena maziwa ya ng'ombe huyo, wala usimuuze yeye kwa mtu asiyejua. Mwite daktari wa mifugo, na akikuandikia dozi, imalize. Usinieleze habari za wateja.

Mama amenikataza kukugombeza. Anasema ulimchoma huku unalia kwa kumhurumia. Naamini. Bado vidole havipo.

Msalimie wifi yangu Anjela, achemshe maziwa ya watoto. Msalimie na baba mdogo, asiache kumwombea shemeji yake.

Asubuhi mama ameniuliza atashikaje rozari kwa mkono ule. Panda basi uje umjibu wewe.

Dada yako,
Leokadia