Kitabu Kilichopinduka Juu ya Kinu

Kijiji cha Kisesa,
S.L.P. 209,
Mwanza.
8 Septemba 1974

Mpendwa binti yangu Dorotea,

Marahaba kwa shikamoo uliyotuletea katika barua yako ya tarehe 19 Agosti, ambayo imetufikia Jumatano iliyopita. Natumaini kwamba wewe, mwenzako Nkwabi na mtoto Ngosha mnaendelea vyema, na kwamba ile homa uliyoitaja imekwisha kabisa. Unijulishe pia kama bomba la maji limefika karibu na nyumba yenu. Kuchota maji mbali ukiwa na mtoto mgongoni hakunipendezi.

Sisi huku hatujambo. Goti la kushoto la mama yako linamsumbua asubuhi, lakini likishapata jua anatembea kunishinda. Tumemaliza kuezeka nyumba yetu hapa karibu na barabara, tulipohamishiwa. Pamba ilikuwa ya wastani. Viazi vitamu vilizaa mno, na tangu mwezi Julai mama yako na binti yako Kashindye wamekuwa wakikata viazi kuwa michembe ya kuanika kila alasiri. Paa la jiko limetandazwa michembe hadi kuku wamenenepa kwa wizi.

Sasa nije kwenye jambo lililonikalisha mezani leo baada ya Misa. Umeniarifu kwamba Nkwabi ameamua Kashindye aachishwe shule mwezi Desemba, aende huko Mtwara amlee mdogo wake. Ameamua hivyo kwa sababu mimi niliwaandikia mwezi Julai kwamba mtoto ana miaka minane, yuko Darasa la Pili, na hajui hata herufi moja. Niliandika kwamba ni mzito na kwamba mje mumchukue. Leo naandika kuiondoa barua ile. Nakuomba umsomee mumeo barua hii yote kabla hajakata tiketi.

Alhamisi tarehe 22 Agosti nilikwenda kwenye mkutano wa kijiji. Nilipofika nikakumbuka kwamba nimesahau miwani, nikarudi nyumbani. Nilipokaribia jiko nikasikia sauti ya mtu anayesoma, tena anasoma vizuri, bila kukwama, akipumua panapostahili kupumua. Nilidhani tumepata mgeni, labda mwalimu wa kisomo cha watu wazima amekuja kumtembelea mama yako. Nikapanga shati langu vizuri, nikachungulia.

Hapakuwa na mgeni. Mama yako alikuwa amekaa kwenye kigoda, na Kashindye amekaa kwenye mkeka, wakiwa wametazamana, ungo wa viazi katikati yao. Kando ya ungo palikuwa na kinu kilichofudikizwa, na juu yake kitabu cha kisomo cha mama yako, kile kinachofundisha kilimo cha pamba. Mikono yao ilikuwa ikikata viazi. Macho yao yalikuwa kitabuni.

"Bibi, umeruka mstari," alisema Kashindye.

"Nimeruka wapi?"

"Hapo, kwenye samadi. Rudi juu."

"Wewe nawe! Mwalimu gani ana kamasi puani?"

"Soma kwanza, Bibi, kamasi nitafuta."

Wakacheka wote wawili. Kisha mama yako akakwama kwenye neno refu, na mtoto akalisoma lote mpaka mwisho wa ukurasa, huku kisu hakisimami.

Dorotea, nilisahau kwamba jiko si mahali pangu. Niliingia, nikakichukua kitabu, nikampa Kashindye mkononi na kumwambia asome. Akakishika tu. Nikamwonyesha neno moja fupi kwa kidole. Akalitazama kama mtu anayetazama nyayo za mnyama asiyemjua. Ni uso ule ule aliokuwa akinionyesha kila siku mezani kwangu, na ule ule anaouona mwalimu wake, Bwana Mihayo, darasani. Nikapaza sauti. Mtoto akaanza kulia. Nikaamini kwamba wamekariri tu, na kwamba wananidhihaki.

Mama yako aliweka kisu chini. Alijifuta mikono kwenye kanga, akakichukua kitabu kutoka kwa mtoto, akakigeuza juu chini, akamrudishia.

Mtoto akasoma.

Nilikwenda kuchukua gazeti la juma lile, ambalo hakuwahi kuliona, nikampa likiwa limepinduka. Akasoma habari za bei ya pamba na habari za kivuko cha Busisi. Nikaleta kitabu changu cha sala. Akasoma, hata majina ya watakatifu. Nikaligeuza gazeti lisimame sawasawa, na papo hapo akawa haoni kitu.

Umeelewa, mwanangu? Miezi saba mtoto huyu ameketi ng'ambo ya kinu, kitabu kikimwelekea bibi yake. Hakuna aliyemfundisha. Alijifunza kusoma akifuatisha sauti ya bibi na kidole cha bibi, na kila herufi aliijua ikiwa imesimama kwa kichwa. Alipokwenda shuleni, au alipokuja mezani kwangu, tukampa herufi zimesimama kwa miguu, na kwake zilikuwa ngeni kabisa. Nimefundisha miaka thelathini na moja, kuanzia misheni mpaka nilipostaafu. Watoto niliowafundisha siwezi kuwahesabu. Sijawahi kuona jambo kama hili, na tangu siku ile natembea hapa kijijini kama mtu aliyeona moto ukiwaka majini.

Nilijaribu mwenyewe. Nilikipindua kitabu nikaanza kusoma kwa sauti, na kwa mstari mmoja nilitoka jasho. Kashindye alikuwa amekwisha kufuta machozi. Akaniwekea mkono gotini, akasema, "Taratibu, Babu. Usiogope. Hakuna anayekuchapa." Mama yako alicheka hadi akaangusha kisu.

Lakini ipo sehemu ya pili, nayo ni nzito kuiandika. Nilimwuliza mama yako kwa nini anasomea jikoni, na meza ninayo, taa ninayo, na viti vinne. Akaniambia kwamba mwezi Januari, alipoanza kisomo, alisoma maneno mawili barazani mbele ya wageni, nami nikamsahihisha kwa sauti, na wageni wakacheka. Sikumbuki kabisa. Yeye anakumbuka hata shati nililovaa. Tangu siku hiyo alihamishia kitabu mahali ambapo mwanamume haingii. Tumeoana miaka thelathini na minne. Nimewafundisha kusoma watoto wa watu kuanzia Magu hadi Ukerewe, na mke wangu alikuwa akitia dole gumba kwenye karatasi za zahanati. Nilijiambia kwamba hapendi kusoma. Sikuwahi kumwuliza.

Nawe ulisomea mezani kwangu, ukiwa umesimama, mikono nyuma. Ulijua kusoma ukiwa na miaka sita, na nilijivuna. Sikukupakata hata siku moja. Hilo nalo nimeliwaza sana majuma haya mawili.

Sasa hivi tunafanya hivi. Kila alasiri nakwenda jikoni. Majirani walishangaa mwanzoni, sasa wamezoea. Nimefundishwa kukata michembe, ingawa mama yako anasema yangu ni minene kama nyayo za viatu. Kashindye amekaa upande mmoja na bibi yake, ubavu kwa ubavu. Kitabu tulikigeuza kidogo kila siku, kama mshale wa saa unavyozunguka, na shauri hilo ni la mtoto mwenyewe, wala si langu. Siku ya kumi na mbili kilisimama sawasawa, naye akasoma ukurasa mzima, kichwa amekiinamisha kidogo begani. Mama yako alimaliza ukurasa uliofuata peke yake. Sikumsahihisha.

Nilimwita Mwalimu Mihayo aje ajionee. Kijana wa watu alikaa kwenye kigoda, akamsikiliza mtoto hadi mwisho wa ukurasa. Kisha akasema, "Mzee, ninao hamsini na wawili. Sijui wengine wamekalia upande gani." Ameahidi kumpa mtihani upya mwezi Novemba.

Kwa hiyo naomba, nami si mzoefu wa kuomba: msimwachishe Kashindye shule kwa kosa langu. Kuhusu malezi ya Ngosha, Leonsia, binti wa shangazi yako, amemaliza Darasa la Saba na mwenyewe anatamani kuiona bahari. Yuko tayari kusafiri mara mtakaponijibu. Kama Nkwabi ana hasira, anielekezee mimi. Na wewe, Ngosha akianza kuketi, mpakate, mshike kitabu kimoja, nyote mkitazama upande mmoja. Usisubiri ajue kusimama mbele ya meza.

Mama yako anakusalimu, na anasema barua ijayo ataiandika yeye. Mjomba wako Shimba wa Ilemela anamsalimu sana Nkwabi. Leonsia anawaamkia. Mungu aliyewapa watoto awape na subira ya kuwatazama vizuri, na awalinde nyote usiku na mchana.

Mwisho, usishangae kuona maandishi yaliyopinduka chini ya jina langu. Tangu nianze barua hii Kashindye amekaa ng'ambo ya meza, na nimegundua kwamba amesoma kila neno nilivyokuwa nikiliandika. Ameomba nafasi yake, nami nimempa kalamu. Zamani ningeichana karatasi na kuinakili upya. Nimeiacha hivyo ilivyo. Igeuze tu, mwanangu.

Ni mimi baba yako akupendaye kuliko alivyowahi kukuambia,

Longino Masalu

Mama shikamoo. Mimi nasoma. Bibi anasoma. Babu bado anajifunza.